Tuwaombee Wasafiri

Katika nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu aliyeketi, kwa kuwa sheria inataka litamkwe kwa kusimama wima na mkono kifuani, aliishi mwandishi wa gazeti aliyeitwa Restituta Ngole. Na wewe msomaji, kwa kuwa huenda umeketi, au umejilaza kabisa, hatutaki kukuponza. Tutaiita nchi tu. Wenye kuijua wataijua.

Restituta aliandika tanzia katika gazeti la Nuru ya Taifa. Mhariri wake alimsifu kwamba tangu aanze kazi hiyo, hakuna mfu hata mmoja aliyeleta malalamiko. Wala si kazi nyepesi, maana katika nchi ile hata wafu wana vyeo. Viongozi waliopendwa na serikali, wakifa, huitwa hayati. Raia wa kawaida huitwa marehemu. Wezi wa kuku na wapinzani huitwa "huyo aliyekufa", basi. Cheo hutolewa na Wizara ya Wasifu na Sifa, na ole wake mwandishi atakayempandisha mtu kabla ya wizara.

Askofu Mkuu Gaudensi Luhombero alipofariki, alianzia ngazi ya chini kabisa. Redio ilimtaja "huyo aliyekufa", kati ya bei ya mbolea na matokeo ya kandanda. Lakini siku ya maziko watu walifurika mpaka wakakalia kuta za kanisa kuu kama kunguru, na mabalozi wa nchi za ng'ambo wakaja na miwani yao myeusi, ikaonekana si vizuri. Kabla jeneza halijashushwa akawa marehemu. Juma lililofuata akawa hayati. Waliokuwa wamemwita hayati mapema walionywa kwa kiherehere, na waliokuwa bado wanamwita marehemu walionywa kwa chuki.

Kisha Mlezi Mkuu, ndivyo anavyoitwa mtawala wa nchi ile, akahutubia taifa. "Hayati asiye na kitabu," alisema, "ni kisima kisicho na maji. Na kwa kuwa katika nchi yetu hakuna kisima kisicho na maji, basi hakuna hayati asiye na kitabu." Makofi yakapigwa kwa nguvu, hasa na watu wa kule ambako visima vimekauka, maana ndio waliopangwa kukaa mbele.

Kazi ya kuandika kitabu akapewa Restituta, kwa sababu mbili. Ya kwanza waliisema: kalamu yake ni safi. Ya pili hawakuisema: mume wake Kasiani alikuwa amesafiri, na mke wa msafiri huandika kwa uangalifu.

*

Hapo ni lazima tueleze kidogo.

Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kukamatwa akapotea. Jambo hilo halipo, na serikali imelikanusha mara nyingi hata kabla ya kuulizwa. Kilichopo ni safari. Gari lisilo na namba husimama mlangoni, wanaume wenye adabu hushuka, humwambia mtu, "Twende mara moja," naye huenda. Mkewe akifika kituoni kuuliza, huambiwa, "Amesafiri." Akiuliza wapi, huelezwa kwamba safari ni haki ya kila raia, na mke mwema hamfuati mume kwa maswali.

Kasiani alikuwa fundi redio. Kosa lake, kama lilikuwepo, ni kwamba redio ya balozi wa mtaa aliyoitengeneza ilikamata idhaa ya nchi jirani katikati ya hotuba ya Mlezi Mkuu, ikakataa kuzimika. Aliondoka na bisibisi ikiwa bado imepachikwa nyuma ya sikio. Restituta alimkimbilia na shati, akakuta vumbi tu.

Mama yake Kasiani, Mama Felisiana, alikaa na habari hiyo mpaka ikamshinda. Akaenda parokiani kuomba misa. Restituta alimsindikiza, kwa hiyo yaliyotokea aliyaona kwa macho yake.

"Nia ya nani, mama?" karani wa parokia aliuliza.

"Mwanangu, Kasiani Mbawala."

"Mzima au marehemu?"

Mama Felisiana akatazama daftari la karani.

"Mama, wenzako wanasubiri. Wazima wana mahali pao kwenye misa, na marehemu wana pao. Nimweke wapi?"

"Nikisema marehemu, nitakuwa nimemwua kwa mdomo wangu mwenyewe," mama alijibu. "Nikisema mzima, na Mungu anajua si mzima, si nitakuwa namdanganya Mungu nyumbani kwake? Nisaidie basi, baba, wewe uliyesoma."

Karani akakuna kichwa. Masomo yake hayakuwa yamefika huko.

Askofu Mkuu alikuwa uani, mikono ya kanzu imekunjwa, akigombana na mbuzi aliyekula maua ya altare. Alikuwa mzee mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kukwaruza, na mguu mmoja aliuburuta. Akaja na kamba ya mbuzi mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Baba Askofu."

"Mama, nimesikia. Serikali imekuambiaje kuhusu mwanao?"

"Wanasema amesafiri."

"Wamesema hivyo kwa vinywa vyao? Amesafiri?"

"Ndivyo, Baba."

Askofu akatazama chini, mbuzi naye akatazama chini. "Basi tusiwe wabishi," akasema. "Maandiko yanatufundisha kuwatii wenye mamlaka. Wakisema amesafiri, amesafiri. Jumapili tutawaombea wasafiri."

Na Jumapili, baada ya kuwaombea wagonjwa na wafungwa, Askofu alishika mimbari kwa mikono miwili. "Tuwaombee wasafiri," akasema. "Tumwombee Kasiani Mbawala, fundi redio, ambaye serikali yetu tukufu inatuambia amesafiri. Ee Bwana, umrudishe salama kwa mama yake na mke wake. Na kama amefika, utuambie alikofika."

Kanisa zima likajibu, "Ee Bwana, utusikie." Mama Felisiana hakujibu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Jumapili ya pili wakaja mama wengine. Ya tatu wakajaa mlangoni. Askofu hakuandika jina lolote. Aliyashika kichwani na kuyasema yote, na kazi ya kila mmoja, na jina la mama yake, bila kuharakisha, hata waumini waliozoea kuwahi chakula cha mchana wakaacha kutazama saa. Waislamu nao walikuja. Bi Mwanahija, muuza vitumbua, aliketi benchi la mwisho kabisa, mtandio umemfunika mpaka machoni.

"Bi Mwanahija, leo umeokoka?" kijana mmoja alimtania nje ya kanisa.

"Ushindwe! Mimi simsikilizi Yesu wenu," alijibu. "Namsikiliza mwanangu Twalibu. Duniani kote anatajwa hapa tu."

*

Serikali ilipata shida ya kweli. Askofu angesema hao watu wameuawa, angeshitakiwa kwa uongo. Angesema wamefungwa, angeshitakiwa kwa uchochezi. Lakini alisema walivyosema wao. Kamati ikaundwa, ikakaa hotelini kwa muda mrefu, ikala, ikatoka na jibu: neno "wasafiri" limefungiwa.

Basi ikawa tabu juu ya tabu. Stendi ya mabasi ikabandikwa kibao kipya, Kituo cha Watu Watakaokuwa Kwingine. Makondakta wakakatazwa kuwatakia watu safari njema, wakawa wanasema, "Haya, ukawe salama huko utakakokuwa." Bwana harusi mmoja aliyesema kwa bahati mbaya kwamba ndoa ni safari alipelekwa kuhojiwa na suti yake.

Jumapili iliyofuata Askofu aliwaombea wagonjwa, akawaombea wafungwa, kisha akanyamaza. Alinyamaza kwa urefu ule ule wa majina. Watu wakajua. Midomo ikawa inacheza bila sauti, kila mama na lake, na mwisho wa kimya kanisa likajibu, "Ee Bwana, utusikie."

Wizara ikatuma afisa mwenye saa kuupima ukimya. Ikatungwa sheria kwamba ukimya wa kanisani usizidi pumzi moja ya padri wa kawaida. Padri wa kawaida akatafutwa, akapimwa pumzi. Askofu aliposoma sheria hiyo alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo akawa anakohoa mahali pale pa wasafiri, kikohozi kirefu chenye vituo, na kanisa zima likakohoa pamoja naye. Daktari wa serikali akathibitisha kwamba Askofu ni mgonjwa sana, anahitaji kulindwa dhidi ya waumini wake. Wakamfungia nyumbani kwake, askari mlangoni, kwa ajili ya afya. Humo ndimo alimofia. Taarifa rasmi ilisema alifariki kwa kuridhika.

Restituta aliwahi kumtembelea humo mara moja kabla hajafa. Askari walimruhusu kwa sababu alikuwa mwandishi wa tanzia, wakadhani wizara imemtuma akajitayarishe.

"Umekuja kunipima sanda?" Askofu alimwuliza kitandani.

"Nimekuja kukusalimia, Baba."

"Siku utakapoandika habari zangu, andika kwamba nilikuwa mwoga. Watu watasema shujaa. Nilikuwa mwoga kama mtu apitaye makaburini akiimba kwa sauti." Akatulia. Kisha akaanza kuyataja majina, macho yamefumbwa, naye Restituta akaitika kila moja. Katikati akasema, "Kasimiri Mbawala, fundi saa."

"Kasiani, Baba. Fundi redio."

Askofu akafumbua macho, akamwangalia, machozi yakamtoka na kuingia masikioni. "Unaona?" akasema. "Yameanza kuniponyoka. Nimezeeka nayo. Restituta mwanangu, yaweke mahali ambapo hapazeeki."

"Niyaweke wapi, Baba?"

"Wewe si ndiye mwandishi?"

Alimwahidi. Kwa hiyo wizara ilipompa kazi ya kitabu, Restituta alipiga magoti jikoni kwake akashukuru. Akina mama walipopata habari, walikuja mmoja mmoja kumhakikishia tahajia. "Twalibu, kwa T," Bi Mwanahija alimwambia, ingawa hakujua T inafananaje.

*

Mkurugenzi wa Maisha ya Waliokufa, Dakta Simeo Pombolo, alikuwa na ofisi yenye zulia zito na picha ya Mlezi Mkuu kila ukuta, ili mgeni asipate pa kuangalia pengine. Salamu ya humo ilikuwa moja.

"Tumsifu Mlezi!"

"Bila kukoma," Restituta aliitika.

"Kitabu ni kizuri, dada. Kizuri sana. Tuna marekebisho madogo." Akafungua. "Hapa umeandika hayati alizaliwa katika umaskini. Nchi yetu haijawahi kuwa na umaskini. Alizaliwa katika unyenyekevu."

"Sawa."

"Alichunga mbuzi. Hapana. Aliongoza mbuzi. Huyu baadaye ni kiongozi, lazima ionekane mapema. Halafu huu mguu. Umeandika kwamba alipigwa na polisi akaanza kuchechemea."

"Ndivyo ilivyokuwa, Dakta. Kulikuwa na watu wengi."

"Aliumia akicheza mpira na vyombo vya usalama, katika hali ya udugu."

"Baba Askofu hakuwahi kucheza mpira."

"Sasa amecheza." Dakta Pombolo aliandika mwenyewe. "Na tumempa goli moja. Usiseme serikali haina ukarimu."

Restituta alikubali unyenyekevu, akakubali mbuzi, akaukubali mpira. Usiku na mchana alijiambia: wachukue mguu, wachukue na mbuzi, mradi sura ya wasafiri ibaki. Aliifungasha humo ndani kwa ujanja, katikati ya sura za ujenzi wa shule na ziara za Roma, kama mtu anayeficha yai ndani ya unga. Majina yote yalikuwemo, na kazi zao, na mama zao.

Dakta Pombolo akafika hapo. Akasoma kimya. Akavua miwani.

"Sura hii ni ndefu," akasema.

"Niifupishe?"

"Ifupishe mpaka isiwepo."

"Dakta, bila sura hiyo Askofu ni nani?"

"Ni hayati. Inatosha. Watu wengi wangependa kuwa hayati na hawapati."

"Siwezi."

Dakta Pombolo hakukasirika. Aliagiza chai. Ilipokuja, akaikoroga kwa muda mrefu. "Mama mkwe wako anaendeleaje?" akauliza.

Restituta akakisukuma kikombe chake kando. "Mgonjwa."

"Nimesikia moyo. Moyo ni mbaya. Sasa, wizara yetu ina jirani yake, Wizara ya Safari. Ghorofa ya chini, mlango usio na kibao. Hawajibu watu. Lakini mimi nikishuka, watanijibu. Wanaweza kutuambia juu ya mtu fulani kama bado yuko njiani," akanywa chai kidogo, "au kama amefika."

Chai ya Restituta ilikaa mpaka ikafanya ngozi juu.

"Fikiria," alisema Dakta. "Hakuna anayekulazimisha. Hiari hupokelewa Alhamisi, asubuhi."

*

Nyumbani, Mama Felisiana alikuwa amelala mkekani, mkono juu ya kifua. Restituta alimwambia kila kitu. Hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Mama alifumba macho kama aliyesinzia. Kisha akasema, "Mkamwana, mimi nataka kulia."

"Lia, mama."

"Sijaruhusiwa. Nikilia, namzika naye huenda yu hai anakula ugali mahali. Nisipolia, namwacha amelala mahali hana hata wa kumlilia. Kilio kimenikaa hapa," akagonga kifua, "kama mfupa wa samaki. Hakipandi, hakishuki. Hicho ndicho kinachoniua, si moyo."

"Kuna majina ya wenzetu, mama. Tuliwaahidi. Nilimwahidi Baba Askofu."

"Najua. Wala sikuambii ufute. Ningekuambia hivyo Mungu angeniona." Akageukia ukuta. "Nasema tu kwamba sitaki kufa nikiwa sijui nimlilie au nimsubiri."

Restituta alikaa pale akimtazama mgongo. Alijaribu kuwaza akina mama wengine, mmoja mmoja, na nyuso zao zikaja, zikasimama mlangoni kwa adabu, hazikuingia. Aliyekuwa ndani ni huyu.

*

Alhamisi asubuhi kulikuwa na mpiga picha, shada la maua ya plastiki, na kitambaa kilichoandikwa HIARI NI UTAMADUNI WETU. Sheria inataka mwandishi afute kwa mkono wake, kwa kalamu ya wizara, akitabasamu.

"Tabasamu kidogo tu, dada," mpiga picha alisema. "Usionyeshe meno, si harusi."

Akafuta. Alipitisha mstari juu ya mwalimu wa hesabu wa Mtakuja, na juu ya mapacha waliouza mkaa. Akapitisha juu ya padri kijana, na juu ya msichana aliyeimba wimbo kwa maneno yasiyo sahihi. Kwenye Twalibu kalamu ilikwama, wino ulikuwa umekauka. Dakta Pombolo akaitikisa, akaipulizia ncha, akamrudishia. Alipolifikia jina la Kasiani mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Dakta alishuka ghorofa ya chini. Aliporudi alifunga mlango, akasimama nyuma ya kiti chake badala ya kuketi.

"Amefika," akasema.

Restituta alishika ukingo wa meza. "Wapi?"

"Dada yangu, tuliuliza kama amefika. Wapi ni ombi jingine."

"Lini, basi?"

"Lini hawana. Hawaweki tarehe."

"Kuna nguo yake? Kuna chochote?"

Dakta Pombolo alitazama picha moja ya Mlezi Mkuu, akatazama ya pili, akakosa pa kuweka macho. "Pole, mama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Restituta hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa kijijini aliye na ndugu. Kisha akafungua mlango, akapaza ile nyingine: "Tumsifu Mlezi!"

Restituta hakuitika. Walimsamehe, kwa kuwa picha zilikuwa zimekwisha kupigwa.

*

Alipomwambia Mama Felisiana lile neno, mama aliuliza tu, "Una hakika?" Alipojibiwa ndiyo, akavuta pumzi ndefu, kilio kikapanda. Majirani wakaja mbio.

Balozi wa mtaa naye akaja, na karatasi yake. "Msiba wa msafiri haupo kisheria," akaeleza, akijifuta jasho. "Kufuatana na waraka, mtu akifika, familia inapewa kibali cha Sherehe ya Kuwasili. Turubai ruhusa. Kupika ruhusa. Kulia kwa sauti hapana. Vigelegele ruhusa, mpaka magharibi."

Basi wakafanya sherehe. Wanawake walivaa magauni ya sikukuu, kama kibali kilivyotaka, wakafunga kanga za msiba juu yake, wakaketi chini ya turubai, na kila mgeni mpya alipoingia walipiga vigelegele. Vilianza kama vigelegele, vikavunjika katikati, vikamalizikia mahali pengine. Aliyepita barabarani bila kutazama angedhani ni harusi. Aliyetazama alivua kofia. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na shati. Kwenye meza waliweka redio moja ambayo Kasiani hakuimaliza kuitengeneza, imefunguliwa mgongo, nyaya nje.

Mama Felisiana alilia mpaka akachoka, akalala palepale katikati ya watu, mdomo wazi kidogo. Tangu mwanawe aondoke hakuwa amelala namna ile.

Akina mama wa wasafiri walikuja wote. Walibeba mchele, walibeba kuni. Walimkumbatia Restituta, wakaosha vyombo vyake. Na walikuwa na furaha ndogo waliyoificha kwa heshima ya msiba, lakini ilichungulia. Bi Mwanahija ndiye aliyeshindwa kuizuia. Akajisogeza mkekani mpaka goti likagusa goti.

"Mwanangu, najua si siku yake," alinong'ona. "Lakini wanasema kitabu kimepita wizarani. Kinatoka lini?"

"Karibuni, Bi."

"Mimi kusoma sijui. Wewe utanionyesha tu ukurasa wa Twalibu. Nitatia uzi hapo, niwe nafungua napagusa."

Wengine waligeuka kusikiliza. Mmoja akasema, "Na mimi wa kwangu," na mwingine akacheka kwa aibu.

Restituta angeweza kusema tutaona. Angeweza kusema kiwandani wanachelewesha. Alikuwa ameandika maneno ya namna hiyo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Jina lake halimo, Bi Mwanahija," akasema.

"Hawakuliandika vizuri?"

"Halimo. Hayamo yote. Niliyafuta mimi, kwa mkono wangu huu."

 Vyombo vilivyokuwa vinaoshwa vikaachwa kuoshwa. Nje, balozi wa mtaa aliingiza kichwa. "Jamani, sherehe gani hii ya kimya? Mnataka kuniponza?" Wote wakamgeukia. Akakitoa kichwa.

"Wamekupa nini?" Bi Mwanahija aliuliza.

"Neno."

"Neno gani?"

"Amefika."

Restituta aliinamisha uso, akingoja kofi, au mate, au lile neno ambalo alikuwa tayari amejiita mwenyewe njia nzima kutoka wizarani. Havikuja. Bi Mwanahija alikuwa anamtazama Mama Felisiana aliyelala. Alimtazama kwa muda mrefu: uso uliolegea, mashavu yenye michirizi ya chumvi, mkono uliokuwa sikuzote juu ya kifua na sasa umeanguka pembeni, kiganja wazi, kama mkono wa mtu aliyetua mzigo.

Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, kama mtu anayeulizia njia katika mji wa watu.

"Na mimi je, mwanangu, nisiyejua kuandika? Nifute nini, ili na wangu afike?"